Bunduki, Bei na Sheria: Somo la Zaidi ya Miaka Mia Moja Kutoka Kalemng'orok

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Hapana, sijaacha. Nilikuwa nyumbani Kalemng'orok. Kwa wasiopajua, ni pale kwenye barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, ukishapita Kainuk na kabla hujafika Lokichar. Malori ya kwenda Kakuma na Sudan Kusini hupita hapo mchana na usiku.

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Nataka kuandika kuhusu bunduki. Usikimbie! Kompyuta zitaingia tu, kama kawaida yangu.

Mambo yalianza hivi. Nilikuwa nimekaa nje jioni na baba mdogo, nasoma kwenye simu habari kutoka Marekani. Kule wanajadili kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio. Kifaa chenyewe ni cha zamani, Hiram Percy Maxim alipata hataza yake mwaka 1909. Mwaka 1934 serikali yao ikakiwekea kodi ya dola 200, na dola 200 za wakati ule zilikuwa pesa nyingi sana. Kodi hiyo haikubadilika kwa zaidi ya miaka 90, hadi sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilipoishusha kuwa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Usajili umebaki, kodi ndiyo imeondoka. Sasa wafanyabiashara na wenye bunduki wanapiga hesabu: nani anafaidi, nani alinunua mapema akapata hasara, bei itakwenda wapi?

Nikamweleza baba mdogo. Nikamwambia pia kwamba kwetu Kenya hilo halina mjadala, kwa sababu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kifaa hicho kuwa silaha sawa na bunduki yenyewe. Akacheka. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu usiku ule:

"Wewe umesoma kompyuta. Hizo kompyuta zenu zinaweza kuniambia kama jirani yangu naye amerudisha bunduki yake?"

Hakuwa anatania. Baba mdogo alikuwa askari wa akiba wa polisi, wale tunaowaita KPR. Alipewa G3 ya serikali kulinda mifugo na watu, bila mshahara. Mwaka 2019 amri ilitoka, akairudisha. Nitafika huko. Kwanza tuelewane jambo moja la kiufundi.

Pesa iliyokwama katikati

Wengi wenu mmetuma pesa kwa M-Pesa. Ukimtumia mama shilingi 1,000, ndani ya mfumo kuna kazi mbili: kutoa 1,000 kwako na kuongeza 1,000 kwa mama. Sasa fikiria umeme unakatika baada ya kazi ya kwanza na kabla ya ya pili. Wewe umekatwa, mama hajapata. Kwa hiyo sisi waandishi wa programu tuna sheria ya kwanza kabisa tunayofundishwa kuhusu hifadhidata: kazi zote mbili zifanyike pamoja, au isifanyike hata moja. Kukitokea hitilafu katikati, kila kitu kirudi kilivyokuwa. Nusu muamala haukubaliki, kwa sababu ni mbaya kuliko kutofanya chochote.

Shika hilo mkononi. Niliporudi kazini nilianza kusoma historia ya sheria za bunduki Turkana, na kila ukurasa nilikuta nusu muamala.

Marufuku ya kwanza: Brussels, 1890

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia saini mkataba wa kupinga biashara ya utumwa. Ndani yake mliwekwa pia marufuku ya kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Turkana iko katikati kabisa ya eneo hilo. Kwenye karatasi, soko lilikuwa limefungwa.

Lakini Ethiopia ilikuwa dola huru. Mfalme Menelik wa Pili aliendelea kupata bunduki, nyingi kupitia pwani ya Wafaransa kule Djibuti. Na wakati huohuo jeshi la Ufaransa lilikuwa limebadilisha silaha: mwaka 1886 lilianza kutumia bunduki ya Lebel, na ile ya zamani aina ya Gras ya mwaka 1874 ikawa mtumba. Unajua simu zinavyofanya? Ulaya wakibadilisha toleo, la zamani linatua kwetu. Bunduki zilifanya vivyo hivyo. Baada ya Menelik kuwashinda Waitaliano pale Adwa tarehe 1 Machi 1896, silaha zilikuwa nyingi Ethiopia, na kutoka vituo vya biashara kama Maji zikashuka kusini hadi kwetu, zikibadilishwa na pembe za ndovu.

Kwa hiyo matokeo ya marufuku yakawa nini? Bunduki hazikukoma kuja, zilibadilisha njia tu. Aliyekuwa karibu na mpaka wa Ethiopia alizipata, aliyekuwa mbali hakuzipata. Sheria ilifunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Waingereza wachukua, Wamerille wabaki nazo

Waingereza walipofika Turkana walikuta watu wenye bunduki na viongozi wa vita kama Ebei, ambao walishirikiana na Wahabeshi. Katika miaka ya 1910 walituma misafara ya kijeshi, mikubwa zaidi mwaka 1915 na 1918, ikiwa na askari wa King's African Rifles. Watu waliuawa na mifugo kwa makumi ya maelfu ikachukuliwa. Wazee wetu bado wanakizungumzia kipindi hicho kama wakati wa kutawanyika. Kufikia mwaka 1926, eneo la Rudolf lilipohamishwa kutoka Uganda kwenda Kenya, Waturkana walikuwa wamenyang'anywa silaha kwa kiasi kikubwa.

Kazi imekamilika? Hapana, nusu tu. Ng'ambo ya mpaka, Wamerille, ambao wenyewe hujiita Wadassanech, walikuwa upande wa Ethiopia. Hakuna aliyewanyang'anya. Wakawa wanavuka na kuvamia watu ambao mkoloni alikuwa amewaacha na mikuki. Tatizo halikuwa ukali wa operesheni, maana ukali ulikuwepo wa kutosha. Makosa yalikuwa kwamba upande mmoja umekatwa na upande wa pili haujaguswa.

Kama ingekuwa M-Pesa, mtu angepiga simu kwa huduma kwa wateja. Wazee wetu wangempigia nani?

1979: ghala lavunjwa, bei yashuka

Turuke miaka. Aprili 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka Kampala. Askari wake waliokuwa kambini Moroto, Karamoja, walikimbia na kuacha ghala la silaha. Wakaramojong waliingia wakabeba maelfu ya bunduki. Moroto si mbali na mpaka wetu. Kilichotokea baadaye mwanafunzi yeyote wa uchumi anaweza kukitabiri: bidhaa ikiwa nyingi, bei inashuka. Na aliye jirani na mwenye bidhaa lazima naye anunue, si kwa kupenda, bali kwa sababu mkuki haushindani na AK-47.

Vita vya Sudan vikaongeza. Mei 1991 serikali ya Mengistu ikaanguka Ethiopia, silaha za jeshi lake zikatawanyika. Mwaka uliofuata, 1992, kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi. Njia zilezile zilizoleta watu waliokimbia bunduki zilikuwa pia njia za bunduki.

Kuna takwimu moja ambayo hunukuliwa mara nyingi. Pale Kolowa, Baringo, mwaka 1986 AK-47 moja ilikuwa ng'ombe 15. Mwaka 2005 ilikuwa ng'ombe 4. Tafakari hapo. Katika miaka hiyo yote Sheria ya Silaha ilikuwepo, ile iliyotungwa miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari. Serikali ilifanya pia operesheni kali, kama ile ya mwaka 1984 Pokot Magharibi ambayo watu hadi leo huitaja kwa hofu. Bado bei ilishuka. Bei ni kama kumbukumbu zinazoandikwa na seva: haidanganyi hata kama mkubwa wa idara anasema kila kitu kiko sawa.

Uganda 2001: waliotii wakaumia

Mfano ulio wazi kuliko yote ni huu. Desemba 2001 Uganda ilianza kukusanya bunduki Karamoja kwa hiari, na Rais Museveni mwenyewe akahamia huko kusimamia. Karibu bunduki 10,000 zilikusanywa. Waliosalimisha waliahidiwa kwamba jeshi litawalinda.

Halafu Machi 2002 jeshi la Uganda likaanza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa Joseph Kony, na askari wakaondolewa Karamoja kupelekwa huko. Umeme umekatika katikati ya muamala! Wabokora, ambao walikuwa wamesalimisha bunduki nyingi, wakajikuta wanavamiwa na jirani zao ambao hawakusalimisha. Waturkana na Wapokot upande wa Kenya nao walikuwa bado na zao. Haikupita muda, walionyang'anywa wakaanza kutafuta bunduki upya. Na wewe fikiria bei inakuwaje wakati jamii nzima inarudi sokoni kwa pamoja.

Mwaka 2006 Uganda ilirudi tena, safari hii kwa kuzingira vijiji na kusaka, na watu waliteseka. Kwa nini walikataa kutoa kwa hiari mara ya pili? Kwa sababu mara ya kwanza walitoa.

Hapa sheria inageuka kuwa jambo la kuaminiana. Mtumiaji ambaye mfumo wako ulimpotezea pesa mara moja hatakubali tena kubonyeza "Kubali". Unaweza kumlazimisha, lakini humrudishii imani.

Risasi za Eldoret

Upande wa Kenya, serikali ilijua kwamba haiwezi kuweka polisi kila kijiji, kwa hiyo ikawapa bunduki raia waliochaguliwa, ndio KPR. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Hapo tukawa na aina mbili za wenye bunduki kijiji kimoja: mwenye ya serikali na mwenye ya kwake iliyofichwa.

Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilitoa ripoti kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Mbinu yao ilinifurahisha kama mtu wa kompyuta. Kila ganda la risasi lina alama kwenye kitako: kiwanda na mwaka. Ni kama taarifa zinazofichwa ndani ya picha ya dijitali, zinazosema kamera gani ilipiga na lini. Watafiti walisoma alama hizo na kugundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya. Nyingi zilikuwa zimetengenezwa katika kiwanda cha serikali cha Eldoret.

Je, ni ufisadi tu? Ripoti ilieleza kwamba kulikuwa na sababu: Waturkana walikuwa wanavamiwa kutoka Sudan na Uganda, na kuwapa risasi ilikuwa njia rahisi ya ulinzi. Yaani serikali iliandika sheria moja kwenye kitabu na kuendesha nyingine uwanjani. Sisi tunajua hali hiyo: nyaraka za programu zinasema hivi, msimbo wenyewe unafanya vile. Siku zote msimbo ndio unaoshinda.

2018 na 2019: kadi Nairobi, mikono mitupu kwetu

Desemba 2018 serikali ya Kenya iliamuru kila raia mwenye leseni ya bunduki ajitokeze akaguliwe upya ndani ya siku 90. Leseni bandia zilikuwa zimejaa. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa kadi za kielektroniki zilizounganishwa na hifadhidata. Kiufundi ni jambo zuri, nalisifu bila kusita. Mfanyabiashara wa Nairobi mwenye bastola alipoteza siku chache kwenye foleni, akapata kadi yake, akarudi nyumbani kwenye ukuta na mlinzi.

Mwaka huohuo wa 2019 KPR wa kaskazini mwa Bonde la Ufa waliagizwa kurudisha bunduki ili wakaguliwe upya. Sababu ilikuwepo: baadhi ya bunduki hizo zilikuwa zinatumika vibaya, hilo hata baba mdogo halikatai. Alibeba G3 yake na risasi alizobaki nazo, akahesabiwa, akaandikwa kwenye daftari, akarudi kwa miguu. Aliniambia usiku wa kwanza hakulala. Si kwamba alisikia kitu. Alikuwa akisubiri kusikia.

Ng'oroko hawakuitwa na amri ile. Hawako kwenye daftari, huwezi kumwita usiyemwandika. Wenye leseni waliitwa, KPR waliitwa, wezi wa mifugo hawakuitwa. Ndiyo maana ya swali la baba mdogo: hifadhidata inamjua aliyetii peke yake.

Alama kwenye chuma

Usinielewe vibaya, sipingi usajili. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, ikaanza kutumika mwaka 2006. Ndani yake kila nchi iliahidi kutia alama bunduki za serikali na kutunza rekodi. Mashine za kutia alama zimenunuliwa, na Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 pale Ngong. Bunduki yenye alama ikikamatwa mikononi mwa mwizi, unaweza kuuliza ilitoka ghala gani. Hilo linamtia hofu afisa anayetaka kuuza, na si jambo dogo.

Wazo muhimu zaidi katika itifaki ile, kwangu mimi, ni kwamba nchi zinafanya pamoja. Wino wa karatasi unajua kwamba ni muamala mmoja. Lakini uwanjani? Februari 2023, baada ya maafisa wa polisi kuuawa Kaakong', barabara yetu hiihii, serikali ya Kenya ilitangaza kaunti sita kuwa maeneo yenye hatari, Turkana ikiwemo, na kuleta jeshi. Aprili mwaka huohuo mahakama ya kijeshi Moroto iliwahukumu Waturkana 32 kifungo cha miaka 20 kwa kukutwa na silaha upande wa Uganda. Mwezi uliofuata Museveni akatoa amri kwamba Waturkana waje Karamoja bila bunduki au waondoke.

Mtazame mfugaji mmoja hapo. Ukame umemsukuma kuvuka mpaka. Akienda na bunduki, miaka 20 jela. Akienda bila bunduki, anategemea jeshi la nchi nyingine limlindie ng'ombe. Akiiacha nyumbani, msako wa Kenya unaikuta. Ana amri mbili kutoka nchi mbili, na hakuna iliyomwambia nani atamlinda usiku. Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya amani ya mpakani palepale Moroto Septemba 2019, kwa hiyo si kwamba viongozi hawajui la kufanya.

Jibu langu kwa baba mdogo

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake. Kompyuta haiwezi kumwambia kama jirani amerudisha bunduki ambayo haikuandikwa popote. Lakini anayepanga sheria anaweza kupanga kama tunavyopanga muamala: pande zote tarehe moja, mlinzi awepo kabla bunduki haijaondoka, na mlinzi akishindwa kufika, zoezi lisimame na aliyetoa arudishiwe alichotoa. Daftari moja liwe wazi kwa nchi zote mbili. Na kabla ya kujisifu, tuangalie bei sokoni. Ikipanda kwa sababu muuzaji anaogopa, labda tunafaulu. Ikipanda kwa sababu waliotii wanarudi kununua, tumefeli, hata kama tumechoma bunduki elfu ngapi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Hiyo ya kurudisha kama imeshindikana, iko kwenye sheria?"

Nikamwambia hapana, sijaiona mahali.

"Basi hiyo ndiyo uandike," akasema, na akaniaga, kwa sababu mbuzi walikuwa wanarudi na alitaka kuwahesabu kabla giza halijaingia.

Nimeandika, baba mdogo. Na wewe msomaji, kama unatoka Karamoja, Pokot, Baringo au popote ambapo amri ya kusalimisha silaha iliwahi kufika, niambie: kwenu ilianza na nani, na ni nani hakuguswa? Tuonane tena karibuni. Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo ya hifadhidata, nimeahidi.